Aliyemwosha Baba

Kitu cha kwanza kilichonikirihisha kwa Mwosha ni namna alivyokula. Watu wamerudi kutoka makaburini, wafiwa hata maji hayawapiti kooni, na yeye amekwisha kunja miguu mbele ya sinia, anamega mkate, anauliza kama samaki amebaki. Vidole vyake vilikuwa virefu, kucha zimekatwa mpaka kwenye nyama. Nikiwa mtoto nilivitazama vikiingia kwenye wali nikausukuma wangu kando, kwa sababu nilijua vilikuwa wapi asubuhi ile.

"Mwosha, wewe husikii kinyaa?" mwenye duka mmoja alimwuliza mbele ya watu.

"Nasikia ndaa," akajibu. "Mikono yangu imetoka kumtia mtu udhu. Yako, Bwana, imetoka kuchanganya mchele mzuri na mchele wa wadudu. Haya, tuulize hapa nani asile."

Watu wakacheka, na mwenye duka akacheka kuwashinda wote.

Hapa Ndau hakuna aliyemwita kwa jina. Hata mkewe akimwita Mwosha. Kwa miaka mingi kuliko umri wangu, kila mwanamume aliyefia kisiwani alipita mikononi mwake kabla ya kuvishwa sanda. Naandika habari zake kwa sababu yeye ndiye mtu pekee wa upande wetu aliyeuona mwili wote wa baba yangu baada ya kuuawa, na kwa miaka kumi na moja alikataa kuniambia alichokiona.

Baba aliuawa wakati wa vita vya msituni, upande wa bara. Nilikuwa na miaka kumi na tano, darasa la saba, na mama alikuwa ametangulia miaka miwili kabla. Baba alivuka kwenda shambani kwake kuvuna simsim. Kijiji cha jirani na shamba kilikuwa kimeshambuliwa na watu wa msituni wenye bunduki, wakachinja watu na kuchoma nyumba, na wenye sare wakaingia kuwasaka. Siku ya nne mwili wa baba uliletwa kwa mashua umefunikwa turubai, pamoja na maneno kwamba alikufa katika majibizano ya risasi. Baba alikwenda na panga na kikapu. Sijui alijibizana kwa kitu gani.

Tangu siku ile sikurudi shule. Nilikuwa na wadogo watatu, nikashika sindano ya kushonea kofia, na kofia ndizo zilizowalea.

Baadaye mchunguzi mmoja wa haki za binadamu alinieleza jambo ambalo sikulijua. Mtu akifa katikati ya risasi za pande mbili, watasema ni vita, na vita ina visingizio vingi. Lakini mtu akifungwa mikono kwanza kisha akauawa, huo ni uhalifu wa kivita, hata aliyefungwa awe nani. Kwa hiyo swali langu likawa moja tu. Je, mikono ya baba ilikuwa na alama za kufungwa? Wanaojua ni waliomfunga, na Mwosha. Kaburi wazee walikataa lisifukuliwe, na nikisema kweli, hata mimi kalamu ilinishinda nilipoletewa fomu ya kukubali.

Habari za walio hai Mwosha alizimwaga kama maji machafu. Alijua nani ameachwa, nani anajifanya mgonjwa ili asiende kuvua, nani ananyoa ndevu zake kwa wembe wa mkewe. Lakini maiti wake hakuwataja. Alifundishwa na aliyemtangulia kwamba mwosha akiona la heri kwa maiti alitangaze, akiona la aibu alifunike, naye aliishika amri hiyo kwa ukaidi. Kuna mtu alikufa hapa kwetu ambaye alichukiwa na kila nyumba, kwa dhuluma na ulimi. Watu walimzingira Mwosha mlangoni wakitaka kusikia kama uso wa marehemu uligeuka mweusi.

"Alikuwa na meno mazuri," akawaambia, akaenda zake kula.

Alikuwa na desturi ya kuzungumza na maiti wakati akiwaosha. Sisi watoto tulikuwa tukisikiliza nyuma ya pazia la makuti, tukitetemeka. "Geuka kidogo, Bwana. Ahsante. Mkono huo. Aa, umekonda wewe, mkeo alikuwa akikunyima?" Alimwaga maji, akaimba dua zake kwa pua, akauliza tena swali ambalo halikuwa na wa kulijibu.

Siku ya baba mimi ndiye niliyekuwa nikipitisha ndoo chini ya pazia. Nilimsikia akianza, "Karibu, Bwana, umerudi kwako." Kisha sikusikia kitu. Muda mrefu sikusikia hata maji. Halafu akamwambia mwenziwe aliyekuwa akimsaidia kumimina, "Toka. Nitamaliza mimi." Yule akatoka, na mpaka leo anaapa kwamba aliona uso na kifua tu. Baada ya hapo sauti ya Mwosha niliyoisikia ilikuwa moja: "Nileteeni mai mengine." Nikaleta. "Mai mengine." Nilikwenda kisimani mpaka viganja vikachubuka. Sijapata kusikia maiti aliyeoshwa kwa ndoo nyingi vile.

Kuna jambo la nguo ambalo linanitia kichefuchefu mpaka leo, na kichefuchefu hicho ni changu mwenyewe.

Kwetu nguo alizofia mtu hupewa aliyemwosha, kuwa haki yake. Mwosha hakuziuza wala kuzigawa. Alizivaa. Ulikuwa ukiona shati la mtu unayemjua linakunja kona ya msikiti, moyo unaruka, kisha juu ya ukosi unatokea uso wa Mwosha. Alikuwa mrefu kuwashinda marehemu wake wengi, basi mikono ya mashati ilimwishia karibu na viwiko. Wajane walikuwa wakibadili njia. Yeye akisalimu tu, "Masalkheri, Bi," kama vile hajavaa kitu cha mtu.

Siku baba alipozikwa, nguo zake zilikuwa zimewekwa nje ya pazia, zimefungwa kwenye kikoi. Shati la mistari ya kijani. Mgongoni lilikuwa na matundu mawili, na damu imekauka mpaka kitambaa kimesimama kama ngozi ya papa. Nilikuwa binti mkubwa wa nyumba. Sikutaka mtu aseme watoto wa marehemu wametoa haki ya mwosha ikiwa chafu. Nikalifua kwa maji matatu, kwa sabuni ya mche na ndimu, nikalianika, na yale matundu nikayashona kwa uzi wa kofia, mshono mdogo mdogo, mzuri, ambao hata mwalimu wangu wa kushona angeusifu. Nikalikunja nikampelekea.

Mchunguzi wa kwanza alipokuja, miaka mitatu baadaye, aliuliza, "Nguo alizokuwa amevaa ziko wapi?"

"Nilizifua," nikamwambia.

"Ulizifua?"

"Nikashona na matundu."

Akaweka kalamu chini akanitazama. Kila mtu hapa Ndau angefanya nilivyofanya, na angelaumiwa asipofanya. Lakini jinsi alivyonitazama nilijiona kama mimi ndiye niliyeficha muuaji. Tukaenda kwa Mwosha kuuliza shati. Alikuwa amelivaa miaka miwili mpaka likatatuka, na mwishowe mkwewe akalichana kuwa matambara ya kufutia mashine ya boti.

"Lilikuwa shati zuri," Mwosha akasema. "Mshono wake haukufumuka mpaka mwisho."

Nilitoka nje nikatapika ukutani mwa jirani.

Na hao wachunguzi wenyewe. Nimekaa mbele ya makundi manne, na kila kundi lilianza kwa maneno yale yale, kwamba tuanze mwanzo. Nikauliza, yale niliyowaambia wenzenu yako wapi? Wakasema wao hawana uhusiano na wenzao. Kundi la pili lilinikalisha dirishani na picha ya baba mapajani, kijana mwenye kamera akaniambia nisitabasamu. Sikuwa nikitabasamu, nina meno yaliyotokeza. Walituita mjini Amu kwenye hoteli, tukala, tukapewa fulana nyeupe zilizoandikwa kifuani kwamba tunataka ukweli. Mdogo wangu Athmani aliifanya fulana yake kuwa ya kukokotea nyavu. Miezi sita baadaye walibandika mabango ya wahanga, na uso wa baba yangu ulikuwa juu ya jina la mtu mwingine wa kisiwa kingine. Niliwapigia simu. Wakasema watarekebisha toleo lijalo. Lijalo halikuja. Mtu wa kisiwa kile naye ana watoto, na nikiwafikiria wakilitazama bango lile nasikia uchungu mdomoni.

Athmani amechoka nami. Yeye anavua, anapita vizuizi vya baharini na kitambulisho chake, na hataki jina lake liwe kwenye karatasi ya mtu. "Dada, faili lako lina miaka mingi kuliko mwanangu," ananiambia. "Mwanangu amekwisha kutembea. Hilo lako bado linatambaa."

"Na wewe ungekuwa umelishika mkono lingekuwa linakimbia," ninamjibu.

Nirudi kwa Mwosha. Alikuwa na redio ndogo, aliifunga kwa mpira betri zisidondoke, na alasiri alikaa nayo barazani. Vita vya nchi za mbali alivijua kwa majina ya miji. Wakitangaza kwamba watu wametolewa chini ya kifusi, alipiga paja, akapaza sauti mpaka mtaa wa pili wasikie. "Wauaji! Na dunia imenyamaza! Hakuna hata mmoja wa kusema alichokiona kwa mato yake!" Wenziwe walitikisa vichwa. Siku moja nilikuwa napita na kapu la kofia, nikasimama.

"Hakuna hata mmoja, Ami?" nikamwuliza.

Akapunguza sauti ya redio. Wazee wakatazama miguu yao.

"Nenda zako, mwanangu," akasema kwa upole. "Jua kali."

Nikaenda, na nilipofika kwenye kona nikasikia ameiongeza tena.

Mimi ningependa kumalizia hapo, niseme alikuwa mwoga na mnafiki, basi. Lakini kuna habari ya kijana mmoja mwenye sare. Gari lao lililipuliwa bara, upande wa pili wa maji, na mmoja aliyekufa alikuwa Mwislamu, na hawakuwa na mtu wa kumwosha. Walikuja na boti kumwuliza Mwosha. Kisiwa kizima kilimtaka akatae. Hata mimi nilikwenda mpaka mlangoni kwake, nikamwambia kwamba akimgusa huyo, asinisalimu tena maisha.

"Basi yeo ndiyo siku ya mwisho kukusalimu," akasema. "Masalkheri, Bi Esha." Akachukua mfuko wake wa karafumaiti na majani ya mkunazi, akapanda boti.

Alirudi wakati wa magharibi. Waliomwona pwani wanasema alikuwa amelowa mpaka kifuani na hakutaka kuletewa chakula. Ndiyo mara pekee ninayojua kwamba hakula. Miezi mitatu hatukusalimiana, na aliyevunja alikuwa yeye, kwa kunitumia fungu la dagaa kupitia mkewe.

Nilikwenda Mkomani, mjini Amu, kwa mwalimu mmoja wa dini, mtu wa heshima, nimwulize hukumu ya jambo la baba. Nilipanga maneno safari nzima. Nikamwambia: mwosha ameona jeraha la dhuluma kwa maiti, je, kulisema ni kumfedhehesha maiti? Hakukawia. Alisema kinachofunikwa ni aibu ya marehemu, si kosa la aliyemdhulumu. Akaniandikia mistari minne kwa herufi za Kiarabu, ambazo Mwosha alizisoma vizuri, maana herufi nyingine hakujua.

Mwosha aliisoma mara mbili. "Huyu mwalimu amewahi kuosha?"

"Sijui, Ami."

"Hajawahi. Angewahi angejua kwamba haiwezekani kusema kitu kimoja." Akanirudishia karatasi. "Wewe unataka mikono. Nikikupa mikono, watakuuliza na miguu. Nikiwapa miguu watauliza na mengine. Wale hawaachi, nimewasikia wanavyouliza. Na babako, mwanangu, alikuwa mtu mwenye haya. Alikuwa haogi pwani mbele ya watu."

"Mimi nataka mikono tu."

"Mikono haiji pekee."

Ndipo nilipoelewa, au nilianza kuelewa, maana ya zile ndoo. Nikamchukia zaidi. Ni jambo gumu kumweleza mtu ambaye hajafikwa nalo. Mtu anakufanyia heshima, na heshima hiyo imekaa shingoni mwa baba yako kama jiwe.

Lakini sikujua kwamba alikuwa na sababu nyingine. Hiyo niliipata kutoka kwa kundi la tatu, ambao kazi yao moja nzuri ilikuwa kupata nakala ya karatasi iliyojazwa siku mwili ulipoletwa. Iliandikwa: mwili umepokelewa katika hali nzuri, hauna alama zozote isipokuwa za risasi. Chini yake kulikuwa na sahihi ya mzee wa mtaa, ambaye sasa ni marehemu, na kando yake dole gumba la Mwosha.

Katika hali nzuri. Nilikuwa nikiyarudia maneno hayo nikichuja nazi, nikifagia, nikishona. Kitanda kipya hupokelewa katika hali nzuri. Friji.

Nilimwekea nakala ile mapajani, barazani, redio ikiwa inasema. Nikamsomea. Uso wake ukawa kama wa mtu aliyepigwa kofi msikitini.

"Hivyo sivyo walivyonisomea," akasema. "Walinisomea kwamba nimepokea maiti na nimemwosha. Basi."

"Ungeuliza isomwe tena."

"Ukumbini waliponisomea mlikuwa na bunduki tatu. Wewe ungeuliza?"

"Ningeuliza, Ami."

"Ungeuliza," akakubali. "Wewe ungeuliza. Mimi niliogopa." Hakusema zaidi, wala hakujitetea siku nyingine. Lakini kuanzia hapo niliona akila kwa mkono wa kulia akiwa amelikunja lile dole gumba ndani ya kiganja, kama limeumia.

Alipokufa, mwosha wetu mwingine hakuwepo, akaitwa mtu kutoka mji wa Pate. Alifanya kazi yake haraka, na kabla boti yake haijaondoka, pwani nzima ilikuwa imejua kwamba Mwosha alikuwa na ngiri kubwa ambayo aliificha miaka na miaka chini ya vikoi vya watu. Vijana walikuwa wakionyeshana ukubwa wake kwa mikono. Mtu aliyewasitiri baba zao wote. Nilishuka na ufagio, nikawatawanya kama kuku, na mmoja wao akaniuliza, "Bi Esha, wewe si ulikuwa humpendi?"

Nikamwambia kumpenda hakuhusu.

Miezi michache kabla ya kufa aliniita. Alituma mkewe, alasiri, wakati wa joto. Nilimkuta kitandani, miguu imevimba, redio imezimwa. Mchunguzi wa kundi la nne, binti kutoka Nairobi, alikuwa kisiwani wiki ile, na Mwosha alikuwa amesikia.

"Mlete," akaniambia. "Mimi nina safari. Huko nendako ulimi unafungwa, inasema mikono. Hili dole litasema nini, mwanangu? Litasema hali nzuri?"

Nikamleta. Aliingia bado amevaa jaketi la kuokolea, kwa sababu bahari ilimtisha na hakuamini hata nchi kavu, na Mwosha akaliangalia, akacheka mpaka akakohoa.

"Huku ndani hatuzami, binti yangu. Vua."

"Sawa mzee, pole, nimesahau," akasema, akalivua, akaketi kwenye mkeka. Kompyuta yake ilikuwa imeisha moto, akatoa karatasi.

Mwosha alitoa sharti moja, kwamba mimi nitoke. Nilikataa. Akasema basi hasemi. Tulitazamana, na mwishowe nikatoka, nikakaa jikoni na mkewe nikimsaidia kuchambua mchele. Sauti yake ilikuwa ikisikika bila maneno, ya chini, bila kukatika, sauti ile ile aliyokuwa akizungumza nayo nyuma ya pazia. Ilichukua muda wa kuiva chungu cha mchele na kupoa. Kisha yule binti akaniita. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini mwandiko kwenye kurasa nne ulikuwa umenyooka, kwa Kiswahili, na kwa hilo nilimheshimu.

"Sasa sheria inataka asomewe kabla hajaweka dole," akasema. "Nilianza kumsomea, amenikataza."

"Simkatai yeye," Mwosha akasema. "Ile ya kwanza nilisomewa na mgeni. Sisomewi tena na mgeni."

"Tumtafute jirani," binti akasema. "Mtu yeyote anayejua kusoma."

"Jirani akisoma, kesho iko pwani." Akageuza kichwa kwenye mto akanitazama. Nilimwona jinsi alivyokuwa akilipima lile jambo, akilichukia, akitafuta njia ya kulizunguka, na njia haikuwepo. "Haya ni yake," akasema. "Asome yeye."

"Mzee, huyu ni mtoto wa marehemu. Hiyo si vizuri," binti akasema. "Dada, si lazima."

"Nipe," nikasema.

Nina darasa la sita na nusu. Ninasoma kwa kidole. Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa tarehe na majina, na wa pili ulikuwa wa mikono. Ilikuwa imefungwa. Nilikisoma kile nilichokitafuta kwa miaka kumi na moja, kwamba vifundo vyote viwili vilikatwa na waya mpaka kwenye mfupa, na mabega yalikuwa yametoka mahali pake kwa kuvutwa nyuma, na sikusikia chochote, si furaha wala nini.

"Si waya," Mwosha akasema akiwa amefumba macho. "Kamba. Ya nailoni, buluu. Nyuzi zake nilizitoa kwa kucha. Waya haungeacha nyuzi."

Binti akachukua karatasi, akafuta neno, akaandika, akanirudishia.

Ukurasa wa tatu ulikuwa wa mahali ambapo mwosha huosha chini ya nguo, mkono umefungwa kitambaa, bila kutazama. Yeye alilazimika kutazama. Sitaandika hapa yaliyokuwemo. Yapo kwenye karatasi ile, nayo ipo Nairobi, na mpaka leo sijaitwa. Nilisoma mstari mmoja, nikasoma wa pili, na wa tatu nilipouona ulikokuwa ukielekea, nilikiteremsha kidole nikaendelea na wa tano, kwa sauti ile ile, bila kupumua.

Binti akainamisha kichwa. Nafikiri angeniachia.

"Umeruka," Mwosha akasema.

Kidole changu kilikuwa bado kwenye mstari wa tano.

"Mimi niliosha yote, mwanangu. Sikuruka. Rudi."

Nikarudi. Nikasoma mstari wa tatu, na wa nne, kwa kidole, neno baada ya neno, na kinywa changu mwenyewe kikayatamka. Kisha nikausoma wa tano, ambao sasa ulikuwa na maana nyingine, na ukurasa wa nne mpaka chini.

"Hakuna ulichobakisha?"

"Hakuna, Ami."

Akatoa mkono chini ya shuka, akalinyoosha dole gumba. Binti akalipaka wino. Mwosha alilikandamiza kwenye karatasi kwa nguvu zote zilizobaki kwenye mwili ule, mpaka ukucha ukawa mweupe.